Lami Haitulii kwa Amri

Watu wakinisikia nikimtaja Mwalimu hudhani alinifundisha kusoma. Hakunifundisha. Kusoma kwangu kuliishia pale mtu anapojua kuandika jina lake na kutambua bei ya kitu dukani. Ndivyo nilivyoingia Nairobi kutoka magharibi, na ndivyo nilivyo leo, nikiwa na karakana yangu mwenyewe hapa Kangemi na watu wazima wanaosubiri mimi nifungue mlango ndipo kazi ianze. Yule alikuwa mwalimu wa watoto wa Kihindi, mwenyewe Mhindi, akikaa Ngara katika nyumba ya mawe yenye banda la mabati nyuma. Nilimjua miaka yote ya Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni na vita vya msituni, na sikumwamini hata siku moja. Yeye naye hakuniamini. Nadhani hicho ndicho kilichotuweka pamoja muda mrefu: hakuna aliyetarajia wema kwa mwenzake, basi hakuna aliyevunjika moyo.

Alikuwa mtu wa kushuku vitu kwanza, watu baadaye. Vipimajoto vyake vilikuwa vitatu, vimening'inia kwenye msumari mmoja, na hakukiamini hata kimoja. Kila alipotaka kuanza kazi alivitumbukiza katika maji yanayochemka akavitazama kwa zamu, kama hakimu anayesikiliza mashahidi.

"Huyu mwongo kidogo, lakini leo hivi, kesho vile," aliniambia akigusa cha kushoto. "Huyu hapa mwongo mkubwa, lakini kila siku uongo ileile. Huyu naweza fanya kazi na yeye."

Neno hilo nimelifuata katika kuajiri watu na halijanitupa.

Muuza maziwa alipofika mlangoni, Mwalimu alitia kijiti cha kioo ndani ya maziwa kuona kama kuna maji. Muuza maziwa alikuwa mtu wa kanisa, mwenye mji wake huku upande wa Kangemi, na jambo lile lilimchoma.

"Mwalimu, mimi ni Mkristo."

"Mimi nauliza maziwa, sikuuliza wewe."

Hakuwa na adabu ya kupoteza. Hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani. Mke wangu alipojifungua kule kwetu nilimwambia, akasema, "Vizuri. Shika hapa," akanipa mwisho wa waya. Lakini kwa lami, mtu huyo alikuwa na subira kuliko mama mwenye mtoto mgonjwa. Alikaa kwenye kiti cha mbao mbele ya kibonge cheusi kutwa nzima, hakoroti, hasomi gazeti, anatazama tu mshale wa saa ndogo iliyoipima. Mimi nilisema moyoni: mtu mwenye subira ya namna hii kwa kitu kisicho na roho, huyu anaficha jambo.

Tulijuana kwa sababu ya bomba. Nilikuwa fundi wa vyuma katika gereji ya Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, pale Ngara, na nasema bila haya kwamba hakukuwa na mtu upande ule wa mji aliyeweza kutoboa ekseli ya lori kutoka mwisho hadi mwisho ikatoka imenyooka kama mimi. Mwalimu alikuwa amesikia hivyo. Akaja na mwavuli wake, akasimama penye mashine yangu.

"Fundi, mimi nataka bomba. Nene kabisa. Ndani laini kama kioo."

"Ya maji?"

"Hapana maji."

"Ya nini?"

"Ya kukandamiza lami."

Mpiga rangi wetu, Mkamba mmoja mwenye mdomo, akaweka brashi chini. "Lami siku hizi inakandamizwa? Mimi nilidhani inamwagwa tu barabarani na wafungwa."

Mwalimu hakumtazama. Alipoondoka, mpiga rangi akanisogelea. "Ndugu yangu, huyo ametumwa. Ukitengeneza, kesho utashikwa nayo. Ukikataa, atakwenda kusema umekataa kwa sababu unawatengenezea wale wa msituni."

Msikilizaji ambaye hakuwapo miaka ile ni lazima aelewe. Bunduki za msituni zilikuwa zinatengenezwa kwa bomba la maji na komeo la mlango. Kukutwa na bunduki kulikuwa kamba shingoni, na kesi zake zilikuwa fupi. Sasa anakuja mtu nisiyemjua ananiambia, mimi Mwafrika, nimtobolee chuma kinene chenye ndani laini kama kioo. Kama huo si mtego, mtego ni nini?

Nilimwambia nitafanya kwa sharti moja. Nitatoboa tundu ubavuni mwa bomba, kubwa la kuingia kidole, ili kila mwenye macho aone halitoi risasi. Akakasirika mpaka masikio yakawa mekundu.

"Ukitoboa, nguvu yote nakimbia hapo."

"Ikimbie. Shingo yangu itabaki."

Tulivutana kwa siku nyingi. Mwisho tukakubaliana: tundu litakuwapo, na mimi nitalichongea kizibo cha shaba cha kukaza kwa spana. Halafu akageuka kana kwamba wazo lilikuwa lake. Alilifanya tundu lile kuwa njia ya kutolea hewa wakati wa kumimina lami ya moto, akasema ni jambo zuri sana amelifikiria. Nilimwacha nalo.

Sasa niseme alikuwa akifanya nini, maana nililazimika kulielewa ili nijue kama nitanyongwa kwa ajili yake.

Alijaza bomba lami ile ngumu, inayovunjika kama jiwe ukiipiga nyundo. Chini aliweka jiko la makaa. Juu alifunga fremu ya chuma niliyomtengenezea na jeki ya lori, na jeki ilisukuma pistoni juu ya lami. Pembeni kulikuwa na saa ndogo ya mshale iliyoonyesha pistoni imeshuka kiasi gani. Ukikaza jeki, pistoni inashuka ghafla. Huo si mwisho. Lami inaendelea kujipanga ndani, polepole, na mshale unaendelea kutambaa mpaka lami itulie. Yeye alitaka kujua jambo moja: inachukua muda gani kutulia.

Ikiwa na moto wa kutosha, ilitulia kabla chai haijapoa. Moto ukipungua, mshale ulitambaa asubuhi hadi jioni. Na ukiongeza jeki bila kuongeza moto, ulitambaa hivyo hivyo, hata kama lami ilikuwa na joto lilelile la jana. Mimi hilo lilinishangaza. Nilidhani kitu kikikazwa zaidi kitakwenda haraka zaidi, kama msumari.

"Hapana, Fundi," alisema. "Moto nafungua mlango. Uzito nafunga. Wewe ukifunga na jeki, mimi nafungua tena na makaa, na mshale narudi mwendo ya kwanza."

Na kweli tuliona hivyo. Jeki juu, makaa juu, mshale ukarudia mwendo wake wa mwanzo.

Lakini hakuridhika. Kila jibu alilolipata alilishuku. Alijiuliza kama lami inachelewa kwa sababu imebanwa na haina nafasi, au kwa sababu imekosa moto wa kujisukuma. "Mbili hii nakuja pamoja kila siku," alilalamika. "Ikipoa, najibana. Nani mwizi? Baridi, au kubanwa?" Alitafuta njia ya kuwatenganisha hao wawili kama mke anayetafuta nani kati ya majirani anamchukulia kuni.

Siku moja nikamuuliza kwa nini asitumie maji, yanayopatikana bure. Akanijibu kwa heshima, jambo la nadra. Maji yana saa yake ya kuganda, alisema. Yakifika hapo yanakuwa barafu na mambo yamekwisha. Lami haina saa. Lami inachelewa tu, inachelewa, inachelewa, mpaka mtu anachoka kuingoja na kusema imekuwa jiwe. Kioo cha dirisha ni ndugu yake. Sukari ya peremende pia. Akanionyesha mshale uliokuwa umesimama kabisa. "Usiamini mshale nasimama," alisema. "Labda wewe ndiyo nachoka." Tukarudi kuutazama kesho yake. Ulikuwa umesogea.

Watu wa Ngara hawakuwa na habari ya hayo yote. Wao waliona moshi mweusi, wakasikia harufu, wakaona Mhindi anayejifungia kwenye banda na Mwafrika mmoja. Wakasema ni mumiani. Wazee wenzangu wanajua neno hilo: wale wanaosemwa kwamba huwakamata watu, huwatoa damu na kuipika mpaka iwe dawa nyeusi, ngumu, inayong'aa. Na hiyo ndiyo sura ya lami. Yaya aliyefanya kazi nyumba ya pili alikuwa akivuka barabara akiniona. Siku moja alinikabili.

"Baba, wewe unaonekana mtu wa dini. Kwa nini unamshikia huyo watu?"

"Mama, ni lami ya barabara."

"Wote wanasema hivyo."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza kuingia banda lile, nilinusa ndoo kabla sijakaa.

Basi ikafika siku yenyewe. Washa ya ngozi, ile ya kuziba kando ya pistoni, ilikuwa imeungua, na Mwalimu alinipa bomba nilirudishe gereji niitengeneze. Lilikuwa limebanwa kwenye jiliwa, mchana kweupe, askari walipozunguka mtaa. Sajini aliingia, akaliona, akaacha kuangalia kitu kingine chochote.

"Hii ni nini?"

"Bomba la Mwalimu, afande. La lami."

Kalasinga alikuwa amesimama pale. Nilimtazama aseme neno. Akasema, "Mimi sijui hiyo kitu. Uliza fundi." Mpiga rangi alikuwa anapaka mlango wa gari ambao ulikuwa umekwisha kupakwa.

Nikafungua kizibo cha shaba, nikatia kidole tunduni. "Tazama, afande. Bunduki gani ina tundu hapa?"

Sajini akachukua kizibo mkononi mwangu, akakirudisha, akakikaza. "Ile yenye kizibo," akasema.

Hivyo ndivyo werevu wangu ulivyoishia.

Kituoni inspekta Mzungu alilitazama bomba kwa kulimulika dirishani. Niliona alivyopendezwa na kazi ya mkono wangu, na niliona kupendezwa kwake ndiko kutakakoniua. Nje lori lilikuwa linapakia watu wa kupelekwa mbele, kwenye kesi zile fupi. Waliopakiwa siku ile kwa mambo ya bunduki, yupo hata mmoja niliyemwona tena? Hakuna. Inspekta alikuwa amekwisha kuonyesha kwa kidole kwamba na mimi nipande.

Hapo ndipo Mwalimu, aliyekwisha kupata habari mtaani, alipoingia, na koti lake jeusi na mwavuli, nyuma yake mkokoteni umebeba fremu, jeki, saa ya mshale na debe la lami iliyopondwa. Nilijua atanikana. Ningekuwa yeye ningemkana.

"Bomba mali yangu," akasema. "Fundi nafanya kama mimi naagiza. Hii chombo ya sayansi."

"Basi onyesha," inspekta akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Sasa hivi."

Mwalimu akaomba chumba. Wakampa stoo, chumba cha mawe upande usiopata jua, na ulikuwa mwezi wa Julai. Baridi ya Nairobi ya Julai inajulikana. Akajaza lami bombani, akafunga vyuma vyake taratibu, akaikaza jeki mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, zaidi ya nilivyowahi kumwona akiikaza. Mshale ukashuka, ukaanza kutambaa.

"Ikisimama, bwana, nakwisha. Utaona hii si bunduki."

"Dakika ngapi?"

"Mimi sijui. Lami hapana sikia amri."

Dereva wa lori alipiga honi. Inspekta akatazama saa, akatazama mshale, akatazama mimi. Akamwambia sajini kwamba ushahidi hauwezi kuwa stoo na mtuhumiwa awe njiani. Tuwekwe wote wawili, bomba na mimi, hadi kitu hicho kiishe. Lori likaondoka bila mimi.

Msifurahi bado. Nilikaa seli siku baada ya siku, na stoo ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Kila asubuhi nilimsikia Mwalimu akija, akivuta kiti. Nilimsikia akinywa chai na sajini. Nilimsikia, kwa masikio haya, akimwambia sajini kwamba chumba hiki ni kizuri sana, joto halibadiliki, kule bandani kwake mabati yanaharibu kila kitu ikifika saa sita. Alisema kwa furaha. Mimi nilikuwa naumwa na chawa.

Nikampigia kelele dirishani. "Mwalimu, lini?"

"Bado, Fundi. Napunguza mwendo vizuri sana."

Hakuuliza nimekula. Hapo nikaona nimemfahamu. Huyu amepata chumba alichokitafuta maisha yake yote, na shingo yangu ndiyo kodi yake.

Inspekta naye alikuwa akija kuchungulia mshale, mwanzo kwa hasira, baadaye kama mtu anayechungulia mbegu aliyopanda. Mwisho alichoka. Alitutoa wote nje, akampa Mwalimu bomba lake, akasema, "Kama bunduki yao nachukua wiki moja kupiga, mimi hapana ogopa." Askari wakacheka. Nikaachiliwa. Nilimpita Mwalimu mlangoni bila kumwamkia, naye hakuonekana kulijali. Alikuwa anatazama kama mkokoteni unatikisa saa ya mshale.

Gereji sikurudi. Kalasinga aliniita mara mbili, nikamwambia amtafute fundi anayemjua. Nilijitengenezea majiko kwa mabati ya madebe, nikatengeneza mageti ya Wazungu wa Kileleshwa, na polepole nikapata kiwanja cha kupanga Kangemi. Habari za Mwalimu nilizisimulia kwa watu wengi kama mfano wa mtu asiye na moyo, na kila aliyesikia alikubali.

Nilibaki hivyo mpaka asubuhi moja ya baridi nilipokuwa naziba mwanya wa tangi la maji. Makaa yalikuwa yamekwisha, nami nina haraka, nikaweka lami baridi kwenye mwanya nikaikaza kwa klampu nikidhani nguvu itatosha. Mchana nikaja, lami iko vilevile, haijajaza kitu. Nikaongeza klampu. Ikawa mbaya zaidi. Nikatukana, nikainuka kutafuta makaa, na nikiwa nimeshika jiko mkononi nikasimama pale pale.

Kwenye mkokoteni wa Mwalimu, siku ile kituoni, hapakuwa na jiko.

Mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaza jeki bila moto chini. Mtu aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba moto unafungua na uzito unafunga. Alikuja kwenye chumba baridi kuliko vyote, mwezi baridi kuliko yote, akakaza kupita siku zote, akamwambia Mzungu angoje itulie. Lami ile isingetulia wiki ile wala mwaka ule, na hakukuwa na mtu Nairobi aliyelijua hilo kuliko yeye. Na kama inspekta angelijua, kungekuwa na Mhindi mmoja kwenye lori lililofuata.

Au labda sivyo. Labda alitaka kweli kuona lami inafanya nini ikibanwa hivyo kwenye baridi isiyobadilika, na mimi nilikuwa bahati yake njema. Niliyapima mambo hayo mawili siku nyingi. Yalikuja pamoja kila mara, na sikuweza kumtambua mwizi.

Nikaenda Ngara. Imajensi ilikuwa inaelekea mwisho lakini watu walikuwa bado wanaongea wakiangalia nyuma. Nilimkuta amekaa kwenye baraza ya nyumba yake akimenya chungwa, ameshaacha kufundisha, amepungua mwili. Hakushangaa kuniona. Aliniambia nikae, akanipa kipande cha chungwa, akaniuliza kama ekseli za siku hizi ni chuma kizuri. Nikamwambia ni takataka. Akafurahi.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile ya kituo, jiko lilikuwa wapi?"

Aliendelea kumenya. "Jiko gani?"

"La makaa. La bomba."

"Ah. Mimi nasahau."

"Wewe? Usahau jiko?"

"Mzee nasahau."

"Hukuwa mzee siku hizo."

Akaweka kisu chini. Akatazama barabara upande wa juu, kisha upande wa chini, ambako mtu mmoja alikuwa anapita na baiskeli. Akangoja mpaka baiskeli ikapinda kona.

"Fundi," akasema, "wewe naambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata bibi yako?"

"Hata yeye."

Akanitazama muda mrefu, kwa jicho lile la kutazama vipimajoto, na mimi nikamtazama vivyo hivyo. Kisha akachukua kisu chake.

"Basi mimi nasahau jiko," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu," nikamjibu. "Ulisahau."